Mfungueni mtoto mdomo kabla hajatoka wodini

Ndugu Mhariri,

Naandika hii barua saa tano usiku hapa Kisauni, watoto washalala, manake mchana nimesikia maneno yakanichoma roho na nimeona nikinyamaza ntakuwa nimeshiriki. Kuna jirani yetu kajifungua wiki iliyopita, mtoto ana mdomo sungura, yani mdomo wa juu umezaliwa na ufa, na kina mama walioenda kumtazama mzazi wanatoka pale mlangoni wakinong'ona ati jambo kama hilo huku kwetu halijaonekana miaka na miaka, ati lazima kuna kitu hiyo familia imefanya, ama mama alimcheka mtu akiwa na mimba. Sasa mimi mwanangu wa pili alizaliwa na tatizo hilo hilo, ila lake lilikuwa ndani kwenye kaakaa, yani paa la mdomo, halionekani kwa nje, na kina mama hao hao walikuja kwangu wakala mahamri na mbaazi, wakampakata, wakasema mashaallah mtoto mzuri kama mwezi. Hawakuona. Hata mimi niliyemzaa sikuona mpaka mtoto ana miezi miwili na nusu.

Kwa hivo nataka tuzungumze hili jambo linatokea mara ngapi, manake naona shida yote inaanzia hapo, mtu akiamini kitu hakipo hawezi kukitafuta.

Hesabu inayotajwa sana duniani ni mtoto mmoja katika kila 700 wanaozaliwa, hapo umewachanganya wote, wa mdomo peke yake, wa mdomo na kaakaa pamoja, na wa kaakaa peke yake. Si sawa kila mahali, Waasia na wale wenyeji asili wa Marekani wanapata zaidi, kama mmoja katika 500, Wazungu wako katikati, na sisi watu wa Afrika takwimu zetu ndo za chini, wengine huandika mmoja katika 1,200 wengine mpaka mmoja katika 2,500. Haya, chukua hospitali moja tu inayozalisha watoto 20 kwa siku, na Mombasa ni mji wa watu zaidi ya milioni moja na laki mbili kwa sensa ya 2019, kwa hivo hao 20 si wengi. Kwa mwaka ni watoto 7,300. Ukigawa kwa 700 unapata watoto kumi. Ukichukua ile hesabu ya chini kabisa ya 2,500 bado ni karibu watatu kila mwaka, hospitali moja, na mwanangu mkubwa ana miaka kumi, yani tangu azaliwe yeye wamezaliwa thelathini hivi katika hiyo hospitali moja kwa hesabu ya chini. Hao thelathini wako wapi mpaka watu waseme halijaonekana?

Wacha niseme alikokuwa wangu.

Alizaliwa kilo tatu na gramu mia moja, analia vizuri, midomo kama ya babake. Siku ile ile namnyonyesha maziwa yakatoka puani. Nikamwita sista, akaniambia mtoto anacheua, mkalishe. Usiku tena. Asubuhi nikamwambia mwengine, akanivuta titi akanionyesha namna ya kumshika, akasema mama we si mara yako ya kwanza, mbona wajifanya hujui. Nikanyamaza, nikaona haya, nikatoka wodini na mtoto wangu na kitabu cha kliniki kimeandikwa kila kitu sawa. Jina la hospitali silitaji manake sitaki ugomvi na mtu na wale masista walikuwa wawili kwa wodi nzima, kitanda kimoja wazazi wawili, niliwaona kwa macho yangu hawana hata muda wa kunywa maji. Lakini hakuna hata mmoja aliyemfungua mwanangu mdomo akaangalia.

Nyumbani ikawa vita. Ananyonya saa nzima na hashibi, anavuta hewa tu, anachoka analala, baada ya nusu saa analia tena. Chuchu zilinitoka damu. Mavyaa wangu, Mungu amrehemu, akaniambia maziwa yako mepesi, kunywa uji wa pilipili manga, nikanywa. Akaniambia funika titi ukiwa nje, jicho baya, nikafunika. Kliniki ya wiki sita mtoto ana kilo tatu na gramu mia mbili, gramu mia moja tu kwa wiki sita, nikagombezwa mbele ya watu kwamba simlishi. Nimekaa kwenye tuktuk narudi nyumbani nalia mpaka dereva akasimamisha gari akaninunulia maji.

Alipofika wiki kumi mavyaa akasema hicho ni kimeo, kimemzidi, twende kikakatwe. Watu wa Pwani wanajua nasema nini, kile kinyama kinachoning'inia nyuma kooni, mtoto akikohoa sana au asiponyonya watu wanampeleka kwa mkata kimeo. Mimi sikutaka, nilishasikia watoto wametoka damu wakafa na wengine wakaoza koo, lakini nilikuwa nimechoka na nimeishiwa na akili, nikafuata. Tukapanda matatu tukaenda kwa mzee mmoja. Akamweka mtoto mapajani, akachukua kijiko akabana ulimi, akaelekeza uso kwenye mwanga wa dirisha. Akakaa kimya. Akaangalia tena. Halafu akaweka kile kijiko chini akaniambia, "Mwanangu, hapa hapana kimeo cha kukata. Hapa juu kumepasuka, mimi naona mpaka ndani ya pua. Sina kazi mimi hapa, mpeleke hospitali leo hii usilale." Na pesa akakataa.

Nimelifikiria hili miaka sita. Masista, daktari aliyesaini tutoke, kliniki ya wiki sita, wote wamesoma, na mtu wa kwanza kumbana mwanangu ulimi akatazama juu alikuwa mkata kimeo. Sisemi watu waende kwa wakata kimeo, jamani msinielewe vibaya, msiende, yule mzee alikuwa na wembe pale na angekuwa mwengine angekata. Nasema kijiko na mwanga wa dirisha vilitosha.

Hospitali kubwa tulikopelekwa daktari kijana akamulika na tochi, akaniita nami nione. Ni ufa umeanzia nyuma laini unakuja mbele kama nusu ya paa la mdomo. Ndo akanieleza kwa nini hanyonyi, kwamba kunyonya ni kuvuta, na kuvuta kunataka mdomo uwe umefungika juu, kama mrija wenye tundu, utavuta mpaka kesho hupati kitu. Nikamwuliza, daktari nimefanya nini? Akasema mamake, hujafanya kitu, mtoto mmoja katika kila mia saba. Nikarudia, mia saba? Nilidhani atasema milioni.

Na hapo kwenye benchi ndo nikaona kwa macho. Siku ya kwanza ya kliniki yao nilikuta kina mama wanane, siku ya pili wengine. Mmoja ametoka Lunga Lunga ameamka saa tisa usiku, mwengine Malindi, wawili wa Kilifi, mmoja wa Likoni tu hapo ng'ambo ya feri, wa Tana River mmoja na mwanawe amefungwa leso uso mzima kwenye joto lile, nikamwambia mfunue apumue, akaniambia ndani ya gari watu wanamtazama. Na kila mmoja, nawaapia, kila mmoja alisema ile siku amekuja alikuwa anajua ni yeye peke yake duniani. Yule wa Lunga Lunga hakumfanyia mtoto akika, siku ya saba ilipita kimya, arobaini yake alikaa ndani mlango umefungwa, watu wakaambiwa mtoto ni mgonjwa. Alikuwepo pia baba mtu mzima, mvuvi, umri wa kuzidi arobaini, kajifunika mdomo kwa kikoi, alikuja mwenyewe baada ya kusikia kwamba hata mkubwa anashonwa. Miaka zaidi ya arobaini ya kula akiwa amegeukia ukutani. Alituambia hajawahi kucheka mbele za watu, na alipokuwa anasema hivo ameshika kikoi hivi.

Sasa mtu akiniambia Afrika ni wachache mimi namwuliza umehesabu kina nani. Naamini kweli kuna tofauti ya asili, wataalamu wameona hata watu wenye asili ya Afrika wanaoishi Marekani wako chini ya wengine, hilo silipingi. Lakini tazama hili. Takwimu za serikali ya Marekani zinasema wenye mdomo na kaakaa ni kama mmoja katika 1,600, kaakaa peke yake mmoja katika 1,700, mdomo peke yake mmoja katika 2,800. Yani katika wote, zaidi ya thuluthi ni hawa wa kaakaa peke yake, hawa kama wangu, wasioonekana kwa nje. Halafu soma ripoti nyingi za hospitali za Afrika, wa kaakaa peke yake wanakuwa wachache sana, wa mdomo ndo wengi. Watoto wetu wa kaakaa wameenda wapi? Mimi najua wawili wameenda wapi, manake kina mama wawili kwenye lile benchi waliwahi kuzika mtoto kabla ya huyu, amekonda, maziwa yanatoka puani, wakaambiwa ni kifua. Maziwa yakiingia kwenye mapafu yanaleta nimonia kweli, kwa hivo kwenye cheti kitaandikwa nimonia, na hakuna atakayejua kulikuwa na ufa.

Hata Uingereza, na vifaa vyao vyote, iligundulika zaidi ya robo ya watoto wa kaakaa peke yake hawakuonekana siku ya kuzaliwa, mpaka mwaka 2014 chama chao cha madaktari wa watoto kikatoa mwongozo kwamba kupitisha kidole mdomoni hakutoshi, lazima utumie tochi na kile kijiti cha kubana ulimi uone kaakaa lote mpaka mwisho nyuma kwenye kimeo. Tochi na kijiti. Sisi tunaweza hilo kuanzia hospitali ya Tudor mpaka ya Port Reitz mpaka ya Likoni, hakuna mashine ya kuagiza.

Kuhusu sababu nisirefushe. Uso wa mtoto tumboni unatoka pande mbili unakuja kukutana katikati, mdomo unaungana kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba, kaakaa kati ya wiki ya sita na ya tisa. Wiki ya nne wengi wetu hata hatujajua kama tuna mimba. Zisipokutana unabaki ufa. Kinachozuia zisikutane mara nyingi ni mchanganyiko, kuna ya kurithi kwenye damu ya mama au baba au wote, kuna uvutaji sigara, pombe, kisukari ambacho mama alikuwa nacho kabla ya mimba, na baadhi ya dawa za kifafa (mwenye kifafa usiache dawa kwa kusoma barua yangu, nenda kazungumze na daktari kabla hujabeba mimba). Vidonge vya foliki asidi ni vizuri kuanza mapema, vimethibitika kwa uti wa mgongo wa mtoto, kwa mdomo bado wataalamu hawajakubaliana wote lakini havidhuru. Na mara nyingi sababu yenyewe haijulikani kwa yule mtoto. Kisu ulichoshika mwezi ukipatwa hakimo. Jini hayumo. Mtu uliyemcheka hayumo, ingawa usimcheke mtu, wazee walisema hujafa hujaumbika na walisema kweli. Na kina baba wanaosema damu yetu haina hiyo, huyo si wetu, nawaomba kwa heshima muulize tena, manake mume wangu pia alisema kwao hakuna mpaka shangazi yake akatuambia kulikuwa na mtoto alizaliwa hivo miaka ya sabini akafa na hakusemwa tena. Kwa wazazi ambao wenyewe hawana tatizo na wamepata mtoto mmoja hivi, uwezekano wa anayefuata ni kama kati ya 2 na 5 kwa 100. Mimi nimezaa mwengine baada yake, yuko salama.

Kilichomwokoa mwanangu kabla ya oparesheni ilikuwa kijiko. Nilifundishwa kukamua maziwa yangu, kumkalisha wima si kumlaza, kumpa kwa kijiko au kikombe kidogo kidogo polepole na kumpumzisha atoe hewa. Zipo pia chupa laini maalumu unazibinya mwenyewe maziwa yanaingia bila mtoto kuvuta. Kwa mwezi mmoja aliongeza karibu kilo nzima. Nilipoona ile chati ya uzito imepanda nilikaa nikalia upya, manake somo lenyewe lilikuwa la dakika kumi, na mimi nililikosa wiki kumi.

Oparesheni ya mdomo kawaida hufanywa kuanzia kama miezi mitatu, madaktari wanataka mtoto afike walau wiki kumi, uzito kama kilo nne na nusu na damu ya kutosha. Kaakaa wanasubiri, mara nyingi kati ya miezi tisa na mwaka na nusu, wasichelewe sana kwa sababu ya kusema. Wangu alifanyiwa na miezi kumi na tatu. Na pesa sikulipa, kuna shirika linaitwa Smile Train, lilianzishwa Marekani mwaka 1999, linalipia oparesheni kwenye hospitali za nchi husika na wanaoshona ni madaktari wa hapa hapa, Kenya wapo. Kwa hivo mama usikae nyumbani ukihesabu pesa za oparesheni, nenda kaulize. Kilichotutesa sisi ni nauli na siku za kazi, na yule wa Tana River alirudi nyumbani mara mbili bila kushonwa kwa vile mtoto alikuja na homa.

Kuna jambo moja nililielewa baadaye sana. Kabla ya oparesheni mwanangu alianza kusema mamama, na babake akija jioni anamnyooshea mikono anasema mama. Tukacheka wote, tukasema huyu kamsahau babake. Kumbe herufi ba inataka pumzi ijazane mdomoni kwanza, na yeye pumzi yote inapita juu puani, kwa hivo alikuwa anasema baba, siku zote hizo alikuwa anamwita babake, na inatoka mama. Baada ya kushonwa haikuja siku hiyo, tulimfundisha karibu mwaka, kupuliza mshumaa, kupuliza karatasi, pa, ba, ta, ka, manake wataalamu wa kufundisha matamshi ni wachache mno na foleni ni ndefu. Siku aliyosema baba kamili mume wangu alitoka nje akakaa barazani peke yake muda mrefu. Sasa ana miaka sita, anasoma madrasa, masikio tunayapeleka kupimwa manake hawa watoto maji hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio wakawa hawasikii vizuri, hilo pia watu wawaambie.

Ombi langu kwa wakubwa wa afya wa kaunti ni kwamba kwenye ile karatasi ya kumkagua mtoto kabla hajatoka wodini pawe na mstari wa kaakaa, na anayesaini awe ameona kwa tochi, si kwa kidole. Na akipatikana mwenye ufa aandikwe mahali pamoja, wa mdomo na wa kaakaa, wa hospitali na wanaozalia kwa wakunga nyumbani, tujue kwa mwaka Mombasa ni wangapi, na mama asitoke pale bila kufundishwa kile kijiko.

Kwa jirani yangu nitaenda kesho asubuhi nikiwa na kijiko na kikombe, na picha za mwanangu za kabla na baada. Na wewe mama unayesoma hii, kama mtoto wako mchanga maziwa yanatoka puani kila mara na haongezi uzito, usikubali uambiwe hujui kunyonyesha. Akilia mdomo uko wazi wenyewe, mlaze kichwa nyuma kidogo, washa tochi ya simu, angalia juu, mpaka nyuma kabisa.

Mama wa watoto watatu,
Kisauni, Mombasa